Takataka ni bure, muda hapana

Mwaka 1990 jumba la Studio Museum la Harlem, New York, lilionyesha kazi za wasanii tisa wa Afrika. Wanane walikuwa wanaume. Mmoja wao alikuwa El Anatsui, Mghana aliyefundisha uchongaji katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Mwanamke pekee alikuwa Rosemary Karuga wa Kenya, mwalimu wa shule aliyekwisha kustaafu, aliyetengeneza picha zake kwa karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga. Anatsui wakati ule alikuwa akikata mbao kwa chenso na kuzichoma kwa moto. Vizibo vya chupa vilivyokuja kumpa jina duniani vilikuwa bado havijafika mikononi mwake. Mtu aliyeingia ukumbini kumtafuta bingwa wa kugeuza vitu vya dukani na jikoni kuwa sanaa angeelekezwa kwa mama wa Kenya.

Leo mambo yamegeuka. Anatsui anafundishwa katika vyuo vingi vya sanaa, na Karuga yuko hatarini kusahaulika hata Nairobi. Tumezoea kueleza tofauti hiyo kwa ukubwa wa kazi zao, kwa bahati, au kwa jinsi soko la sanaa linavyowatazama wanawake, na kila jibu lina ukweli wake. Ila lipo jambo ambalo waandishi wa sanaa hulipita haraka kwa kuwa halina mvuto: wote wawili waliishi kwa mshahara wa ualimu, na ualimu wao haukuwa wa aina moja. Tunapozungumzia sanaa ya vitu vya kila siku macho yetu hukimbilia takataka. Takataka hazina uadimu wowote. Hata asiyejua kushika mkasi anazo. Kilichokuwa adimu kwa Karuga, na ambacho Anatsui alikuwa nacho kwa kiasi chake, ni saa za kazi zisizokatwa na kengele ya shule.

Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, baba Mganda na mama Mkenya. Alisoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, katika shule ambayo Margaret Trowell aliianzisha kwa madarasa ya nyumbani kwake Kampala mwaka 1937. Trowell hakutaka kijana wa Afrika Mashariki aanze kwa kunakili wachoraji wa Ulaya. Alitaka aanze na ngano za kwao, watu wa kwao, mashamba ya kwao. Alikuwa pia mtu wa kutazama vikapu, vibuyu na vitambaa vya magome kwa makini, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda. Kwa hiyo Karuga alitoka chuoni akiwa amepita katika nyumba ambamo mkeka na chungu vilichukuliwa kuwa vitu vya kufikiria navyo. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupita katika shule ile.

Baada ya hapo? Aliolewa, akarudi Kenya, akashika chaki. Kazi anazojulikana kwazo zinaanzia mwaka 1987, alipokuwa na miaka 59, alipokaribishwa kuwa msanii mkaazi katika jumba la Paa ya Paa, Nairobi, ambalo Elimo Njau na wenzake walikuwa wamelianzisha mwaka 1965. Kati ya Makerere na Paa ya Paa kuna zaidi ya miaka thelathini. Wanaoandika habari zake huruka pengo hilo kwa sentensi moja, kisha wanakimbilia sabuni. Mimi nadhani pengo hilo ndilo habari yenyewe.

Mwalimu wa shule ya msingi, wa jana hata wa leo, huanza kazi kabla jua halijapanda na kurudi nyumbani na rundo la madaftari. Akiwa mwanamke, zamu ya pili inamsubiri jikoni. Likizo inakwenda shambani. Katika maisha kama hayo rangi za mafuta hazihitajiki hata ziwe bure, maana zinataka chumba kisichoguswa na mtoto, mchana wenye mwanga, na siku kadhaa za kurudia jambo lilelile mpaka likubali. Alipostaafu, muda ukapatikana lakini fedha za kununulia rangi na kitambaa cha kuchorea hazikuwepo. Ndipo karatasi ya sabuni ikaingia. Ni kawaida kuusifu ubunifu wake hapo, na anastahili. Ila tukumbuke kwamba alilipwa kwa zamu: kwanza mshahara bila muda, kisha muda bila mshahara.

Tuiangalie sasa kazi yenyewe, kwa kuwa sifa za jumla zimewahi kumharibia msanii huyu. Pakiti ya unga ya Kenya ni karatasi nene, imara, yenye rangi chache zilizochapwa kwa maeneo makubwa. Karatasi ya sabuni ni laini, inang'aa, na rangi zake ni kali. Karuga alivikata vyote viwili, pamoja na kurasa za magazeti yenye rangi, kuwa vipande vidogo sana, akavibandika kimoja kimoja kujenga wanawake, wanyama, nyumba, miti. Kwa mbali unaona mwanamke na mzigo wake. Ukisogea, mwanamke anavunjika na kuwa mamia ya vipande, vingine vikiwa na ncha ya herufi ambayo huwezi tena kuisoma. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mchoraji wa rangi huchanganya mpaka apate anachokitaka. Karuga alipewa rangi zilizokwisha kuchaguliwa na kiwanda, na kazi yake ikawa kuzipangia majirani. Wekundu wa sabuni ukikaa kando ya kahawia ya pakiti unakuwa udongo, ukikaa kando ya nyeupe unakuwa kitambaa kipya. Msusi wa mkeka anayeingiza ukili wa rangi katika ukili mweupe ataelewa hesabu hiyo kuliko wachoraji wengi wa studio.

Mapema miaka ya 1990 alitengeneza picha za aina hiyo kuisindikiza hadithi ya Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard, ile safari ya mlevi wa pombe ya mnazi katika nchi ya wafu. Uamuzi wa kumpa kazi hiyo ulikuwa wa busara. Tutuola naye alijenga Kiingereza chake kwa vipande alivyovikuta, bila kuomba ruhusa kwa wenye lugha.

Niseme neno moja kwa wenye picha hizo ukutani: zitoeni juani. Karatasi ya kufungia bidhaa haikutengenezwa idumu zaidi ya wiki chache dukani. Wino wake hupauka, karatasi hugeuka njano, gundi hukauka na kuachia. Kizibo cha bati laini hakina shida hiyo, na nadhani hata jambo hili dogo limechangia kuamua ni nani abaki katika majumba ya makumbusho.

Anatsui alizaliwa Anyako, Ghana, mwaka 1944, akasoma Kumasi kati ya 1965 na 1969. Mafunzo yalikuwa ya Kiingereza toka mwanzo hadi mwisho. Alipoanza kufundisha Winneba aligeukia masinia ya mbao ambayo wanawake wa sokoni hupangia bidhaa, akayachoma alama kwa chuma cha moto. Mwaka 1975 alihamia Nsukka, Nigeria, katika idara ambayo Uche Okeke na wenzake walikuwa wakiifufua michoro ya uli ya Waigbo. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha alifanya kazi na vyungu vilivyovunjika. Mwaka 1980, akiwa msanii mgeni Marekani, alikutana na chenso, na kwa karibu miaka ishirini mbao ndizo zikawa lugha yake. Zikaja mbuzi za kukunia mihogo, vifuniko vya makopo ya maziwa, na mnamo 1998 mfuko wa vizibo vya chupa za pombe kali alioukuta umetupwa vichakani karibu na Nsukka.

Mfuko ule aliuacha karakanani kwa miezi kadhaa kabla ya kujua aufanyie nini. Sehemu hii ya kisa huwa inasimuliwa haraka, nami ningependa tuisome polepole. Ni nani mwenye nafasi ya kuacha mfuko wa takataka ukae miezi akiutazama? Ni mtu mwenye karakana ambayo haifagiliwi na mwingine, mwenye mshahara unaoingia hata kama mfuko hautazaa kitu, na ambaye katika barua ya ajira yake kutengeneza sanaa kumeandikwa kuwa ni utafiti. Mhadhiri wa uchongaji anapandishwa cheo kwa kuchonga. Mwalimu wa darasa la tatu hapandishwi cheo kwa picha za sabuni.

Sitaki ionekane kwamba Nsukka ilikuwa peponi. Baada ya mpango wa marekebisho ya uchumi wa mwaka 1986 naira iliporomoka, mishahara ya wahadhiri ikawa kichekesho, migomo ikafunga vyuo kwa miezi, na wengi waliokuwa na nafasi ya kuondoka waliondoka. Vifaa vya sanaa vilivyoagizwa nje vikawa havishikiki. Anatsui alibaki, akafundisha mpaka 2011. Katika mazingira hayo kumwambia mwanafunzi atazame kilichomzunguka lilikuwa jambo la lazima kabla halijawa falsafa. Lakini hata chuo kilichochakaa kina vitu vitatu ambavyo shule ya msingi haina: paa juu ya kazi ambayo haijakamilika, vijana wanaoijua kazi hiyo, na ratiba yenye mianya.

Vijana ndio muhimu zaidi. Vitambaa vya bati vilivyozaliwa na mfuko ule havikutengenezwa na mikono miwili. Kizibo cha kuzungusha, siyo kile cha soda chenye meno, hukatwa; kichwa chake cha mviringo huenda upande mmoja na shingo yake upande mwingine. Shingo hufunguliwa ikawa ukanda, au hukunjwa, au husokotwa, au hupondwa. Kila kipande hutobolewa pembeni na kufungwa kwa jirani yake kwa waya mwembamba wa shaba. Vijana wa Nsukka, makumi kadhaa kwa kazi kubwa, walishona vipande hivyo kuwa mapande, na Anatsui akiyatandaza sakafuni, akiyapiga picha, akiyahamisha, akiyakataa. Utaratibu huo ni wa karakana, lakini unafanana mno na wa mwalimu: toa zoezi, pita kati ya madawati, tazama nani kaleta jambo usilolitarajia, lichukue hilo mbele. Baadhi ya mikunjo mipya ilitokana na mikono ya wasaidizi. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa angesahihisha kosa. Mwalimu mzuri analiangalia kosa mara mbili.

Yaliyofuata yanajulikana. British Museum ilinunua Man's Cloth na Woman's Cloth za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maonyesho ya sanaa ya Venice yakamtandaza mbele ya dunia mwaka 2007, na mwaka 2015 yakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024 mapande yake yalining'inia katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, mji ambao sehemu ya utajiri wake wa kale ilipita katika sukari na pombe. Vizibo vyenyewe vina majina ya biashara kama Ecomog, jina la jeshi la Afrika Magharibi lililoingia Liberia mwaka 1990, na Bakassi, ile rasi ambayo Nigeria na Kamerun zilishtakiana kwa ajili yake hadi mahakama ya kimataifa. Walevi wa Nigeria wanakunywa historia ya karibuni, na Anatsui anaifuma. Amekataa mara nyingi kazi yake kuitwa urejelezaji wa taka, na namuunga mkono. Anayerejeleza hutaka tusahau kitu kilikuwa nini. Anatsui anataka tukumbuke kwamba mdomo wa mtu ulikuwa hapo.

Turudi kwetu. Mtoto wa darasa la kwanza wa Tanzania na Kenya amejifunza kujumlisha kwa vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye kamba. Vizibo hivyohivyo jioni vinakuwa kete za drafti barazani. Mwalimu wake amechora ramani ya mkoa kwenye kiroba kilichopasuliwa kwa kuwa karatasi ya manila ni ghali, ametengeneza saa ya ukutani kwa boksi la sabuni na mishale kwa waya, amening'iniza silabi darini mpaka wakaguzi waseme darasa linaongea. Vyuo vya ualimu vinafundisha kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira, na vina alama kwa hilo. Ukitafuta watu wanaojua tabia ya boksi likilowa, kiroba kinavyokataa rangi ya maji na gundi ipi inashika plastiki, usiende kwa wasanii wa mjini. Nenda ofisi ya walimu.

Sasa, je, hiyo ni sanaa? Wapenzi wa sanaa ya jamii watasema ndiyo kwa moyo mmoja. Mimi nasita. Zana ya kufundishia inafaulu pale mtoto anapoielewa mara moja kisha akaisahau, akabaki na hesabu. Saa ya boksi ikimfanya mtoto aduwae kwa uzuri wake badala ya kusoma saa tatu kasorobo, imeshindwa kazi. Sanaa inataka kinyume chake: inataka macho yachelewe. Mwalimu anayetengeneza zana kwa miaka ishirini anazoesha mkono wake kuwa wazi, na uwazi huo ni adui mgumu kwa anayetaka kuwa msanii, kwa sababu umevaa sura ya wema. Nimeona picha nyingi za walimu wenye vipaji, zimejaa ufundi, na kila moja inanyoosha kidole: hii ni amani, huu ni umoja, hii ni UKIMWI. Boksi limefanyiwa kazi ya ajabu halafu limepewa hotuba ya kusoma.

Hapo ndipo ninapomwona Karuga kuwa mkubwa kuliko anavyosimuliwa. Vitu anavyoonyesha vinasomeka kwa mtoto yeyote, twiga ni twiga, mama ni mama. Lakini vile vipande havimruhusu mtu kumaliza kusoma. Uwazi wa mwalimu uko katika umbo, ukaidi wa msanii uko katika ngozi ya picha, na yote mawili yanaishi pamoja bila kugombana. Anatsui alitatua tatizo hilohilo kwa kuuacha mchoro wa mtu na mnyama kabisa, hata akawaachia wanaopokea kazi zake uhuru wa kuamua zining'inizweje, zikunjwe wapi. Hilo nalo ni tendo la mwalimu, wa aina nyingine: anayempa mwanafunzi chombo bila jibu.

Ipo njia ya tatu, kuacha. Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954, alikuwa mwalimu nchini Kenya. Katika miaka ya 1980 aliacha kazi hiyo akawa mchoraji. Watu walisema amerukwa na akili, naye akajipa jina Sane, yaani, kwa Kiingereza, mwenye akili timamu. Ni jibu la kuchekesha, lakini ninaogopa kulitoa kama ushauri. Kwa kila Wadu mmoja aliyefika wapo walioacha pensheni na hawakufika, na hao hawaandikwi katika safu.

Mitaala imejaribu kuipa sanaa hii nafasi kwa upande wa mtoto. Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC), ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, uliileta sanaa ya vitu vya kila siku katikati ya masomo, jambo jema kabisa kwenye karatasi. Matokeo yake nyumbani yalikuwa vioja: saa nne usiku mzazi anatafuta boksi, shanga na gundi kwa kazi ya kesho asubuhi, na vilivyopaswa kuwa vitu vya bure vinanunuliwa dukani kwa haraka. Kosa ni lilelile la kudhani kwamba kwa kuwa malighafi haina bei, kazi nayo haina. Muda uliondolewa kwenye ratiba ya shule ukahamishiwa kwa mama, kama ulivyoondolewa kwa mwalimu Karuga. Shule ambayo ingempa mwalimu wa sanaa alasiri moja kwa wiki na chumba chenye kufuli ingepata zaidi kuliko inayompelekea katoni za rangi. Chuo kikuu humpa mhadhiri likizo ya utafiti baada ya miaka kadhaa. Sijui sababu ya msingi ya kumnyima mwalimu wa shule hata muhula mmoja wa namna hiyo katika maisha yake yote ya kazi.

Tofauti ya mwisho iko kwa wanafunzi. Wa Anatsui tunawajua kwa majina. Nnenna Okore anafanya kazi na magazeti na nyuzi za magunia Marekani. Eva Obodo, anayetumia mkaa, na Ozioma Onuzulike, anayefinyanga maelfu ya shanga za udongo, wanafundisha Nsukka hadi leo. Ukoo huo una vitabu na maonyesho.

Karuga alifariki Ireland Februari 2021, akiwa na miaka 92. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikuwa yamemtaja msanii wa mwezi Machi 2017. Wanafunzi wake ni watoto wa shule wa miaka ya 1950 hadi 1980. Walio wakubwa wamepita miaka 70, wadogo wako kazini bado. Miongoni mwao lazima wapo wanaokumbuka aliwapa nini wabandike, aliwaambia nini waliposema hawana rangi, kama aliwahi kukata kitu mbele yao. Watafiti wa sanaa wa Nairobi wamekusanya picha zake kwa bidii. Wakiongeza tangazo la redio la kuwatafuta hao waliokaa kwenye madawati yake, gharama yake haifiki bei ya fremu moja, na muda wa kufanya hivyo haujaisha.